Mzee Abaki Kingi: Vifaa vya Nyumbani Pasipo na Waya wa Umeme

Kama mama yako yuko Kingi, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, nawe uko Goma, Kampala au Bruxelles, huenda umeshaona matangazo ya zile nyumba zinazojiendesha: taa inajiwasha mzee akiinuka kitandani, saa ya mkononi inapiga simu yenyewe akianguka, kamera inakuonyesha kama amekunywa dawa. Umeguswa, umetaka kuagiza. Ngoja kidogo. Vifaa hivyo vimeundwa kwa nyumba yenye umeme usiokatika, intaneti isiyolala na gari la wagonjwa linalofika likiitwa. Katika vilima vya Masisi, na zaidi ukiingia misitu ya Walikale, nyumba nyingi hazina hata kimoja. Teknolojia ina kazi kubwa huko pia, ila huchaguliwa kwa vigezo vingine.

Suala lenyewe si la anasa. Februari 2025 kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma, Bulengo ikiwamo, zilipoondolewa, familia nyingi zilipanda tena milimani, wengine wakiwa na turubai na sufuria tu. Wazee wamerudi kwenye mashamba yao huku vijana wengi wakibaki mjini au ng'ambo ya mpaka. Mzee anataka kukaa kwake, karibu na makaburi ya watu wake na ng'ombe wake kama bado wapo. Kumhamishia kwenye chumba cha kupanga Goma mara nyingi ni kumfanya mgonjwa kabla ya wakati. Basi kazi yako ni kumsaidia akae salama palepale.

Mtu kwanza

Kila kifaa cha kumlinda mzee, kiwe cha dola 10 au cha dola 1,000, hufanya jambo moja: hutoa habari ndani ya nyumba na kuifikisha kwa mtu atakayesimama na kwenda. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilianza kutoa birika la umeme lililowapelekea watoto ujumbe wa kuonyesha kama mzazi amechota maji ya chai. Asubuhi birika lisipoguswa, mtoto aliye mbali anajua kuna jambo. Ni wazo la akili sana, na Kingi unaweza kulitekeleza bila birika wala intaneti. Mzee anamwamkia jirani kwa kumbipu saa moja asubuhi, na jioni anambipu tena kabla ya kufunga mlango. Bipu haili salio. Ikifika saa mbili asubuhi simu haijalia, jirani anakwenda kugonga. Wewe wa Bruxelles unapigiwa baada ya mlango kufunguliwa, maana kutoka huko huwezi kumwinua mtu aliyelala sakafuni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tafuta watu wawili. Wa kwanza akae umbali wa sauti kusikika. Wa pili awe mtu anayeheshimika na mwenye simu inayopatikana: kiongozi wa shirika la parokia, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya. Waulize wote wawili swali hili: rezo inakamata wapi pale nyumbani? Milimani si ajabu mtandao ukapatikana kwenye ua tu, au chini ya mti mmoja, au ukapotea mvua ikinyesha. Kama mzee lazima apande kilima ili abipu, mpango umeshakufa. Hapo ndipo filimbi inapoishinda simu. Mfungie shingoni kwa kamba, afundishwe mlio mmoja unaojulikana, mathalani mitatu mifupi kisha kimya. Mkubaliane na majirani mapema, kwa sababu katika sehemu nyingi za Kivu kelele za usiku, hasa za kupiga masufuria na madumu, zina maana ya wezi, nawe hutaki kilima kizima kitoke na mapanga kwa sababu mzee ameteleza.

Kipo kifaa kingine ambacho naona hakithaminiwi ipasavyo: kengele ya mlango isiyo na waya. Ina kitufe kidogo na kipokezi kinacholia. Haitaki laini ya simu wala intaneti. Huwasiliana kwa redio. Kitufe kinabandikwa kwenye mbao za kitanda cha mzee, kimo cha mkono wa mtu aliyelala, na cha pili, ukipata seti yenye viwili, karibu na sakafu mahali anapoweza kuanguka. Kipokezi kinakaa kwa jirani au kwenye nyumba ya mjukuu. Boksi likiandika mita 150, wewe hesabu robo yake, maana kuta na mabati hula mawimbi. Wakati wa kununua angalia kipokezi kiwe cha betri, kwa kuwa vingi vya sokoni vimetengenezwa vya kuchomekwa ukutani. Baadhi ya vitufe havina betri kabisa. Nguvu ya kidole ndiyo inayozalisha umeme wake. Ukivipata, chukua.

Na mlango wenyewe? Mzee akianguka ndani huku mlango umefungwa kwa komeo, kengele italia na msaidizi atabaki nje akisukuma. Weka komeo linaloweza kufunguliwa kutoka nje kwa njia inayojulikana na watu hao wawili tu, au mpe mmoja wao ufunguo wa pili wa kufuli.

Simu ya vitufe

Usimtumie simu kubwa ya kioo kwa sababu tu wewe unataka kumwona. Simu ndogo yenye tochi inakaa siku kadhaa bila chaji, haivunjiki upesi ikianguka, na haimtamanishi mwenye bunduki njiani. Ukishaipata, ishike mwenyewe au mtumie mtu anayejua, aipange hivi. Lugha iwekwe Kiswahili. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki na Kongo zinacho, ingawa huko Kongo mara nyingi huja zimewekwa Kifaransa. Mlio uwe wa juu kabisa. Majina ya watu wasiohusika yafutwe. Kisha namba ya jirani wa kwanza iwekwe kwenye kitufe cha 5, mzee akikibonyeza kwa muda mrefu simu inapiga. Nasema 5 kwa sababu kitufe hicho huwa na kijinundu katikati, na vidole vinakipata gizani au macho yakiwa na mtoto wa jicho. Wewe ujiweke kwenye 6. Kama simu ina kitufe cha dharura nyuma, kijaribuni mbele ya jirani mara kadhaa hadi mzee aache kukiogopa.

Bipu ina mtego wake. Laini inayobipu bila kuwekwa salio kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na siku utakayoihitaji utasikia sauti ya mashine. Nunua yunite kila mwezi hata kama hazitumiki. Laini isajiliwe kwa jina la mzee mwenyewe, kwa kitambulisho chake, hasa kama utamtumia fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Laini iliyo kwa jina la mjukuu ni mfuko wa mjukuu.

Kuhusu fedha hizo, tuma kidogo na mara nyingi. Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo iliyobaki kuwa njia ya fedha kwa watu wengi, na matapeli wamelijua hilo kwa muda mrefu: mzee atapigiwa na mtu anayedai ametuma fedha kimakosa, au kwamba laini itafungwa asipotaja namba ya siri. Mwambie mzee kwamba hata wewe mwanawe hutaiomba namba hiyo kamwe. Akishindwa kuikumbuka, asiandike nyuma ya simu. Aende kwenye kabini ya fedha na mtu mmoja aliyemchagua yeye, siku ya soko, mchana.

Kama mama anapenda simu kubwa na ana mtu wa kumsaidia, faida yake kuu ni ujumbe wa sauti. Mama asiyejua kusoma anaongea Kihunde au Kinyarwanda chake, ujumbe unasubiri, na unaondoka mtandao ukirudi. Chagueni saa moja ya kila siku ya kusikilizana, na ukiwa Kampala au Nairobi kumbuka saa ya Kivu iko nyuma yako kwa saa nzima.

Hesabu ya jua

Wauzaji wa sola hawapendi hesabu hii, nami nakuomba uifanye. Bamba la wati 50, katika miezi ya mvua kuanzia Septemba hadi Mei, chini ya mawingu na ukungu wa Masisi, tulichukulie linapata sawa na saa tatu za jua kali kwa siku. Hiyo ni wati-saa 150. Ruta ya intaneti ya wati 8 ikiwaka usiku na mchana inakula 192. Kamera ya wati 5 inakula 120. Umeshamaliza umeme wote na kudaiwa mwingine zaidi ya huo, na mama bado yuko gizani. Sasa chukua taa tatu za wati 3 kwa saa tano: 45. Redio ya wati 2 kwa saa sita: 12. Chaji ya simu mbili ndogo: 10 hivi. Jumla 67, na unabakiwa na akiba ya siku ya mvua. Kwa nyumba ya mzee mmoja ningeishia hapo. Redio usiidharau. Mzee anayesikiliza taarifa za Radio Okapi kwa Kiswahili anajua barabara ipi imefungwa na chanjo iko lini, na anapata sauti ya watu ndani ya nyumba.

Mifumo ya kulipia kwa awamu ina jambo ambalo mnunuzi anaambiwa haraka haraka. Kifaa kina kufuli ya ndani: usipolipa, kinazimwa kutoka mbali, au kinakataa kuwaka hadi uingize tarakimu za malipo. Mshahara ukichelewa Nairobi, taa inazimika Kingi. Kama unaweza, nunua kwa fedha taslimu kifaa kidogo kilicho huru kuliko kikubwa chenye deni. Na betri iwe ya lithiamu kama mfuko unaruhusu. Ya risasi ni nzito, na ikimalizwa kabisa mara kwa mara hufa upesi.

Radi ni habari nyingine kabisa. Watafiti waliopanga maeneo ya dunia kwa wingi wa radi kwa kutumia vipimo vya setilaiti, wakachapisha kazi yao mwaka 2016, waliiweka Sake ya Masisi miongoni mwa kumi za kwanza duniani, pamoja na Kabare, Kampene, Butembo na Boende, zote za Kongo. Kingi iko chini ya anga hiyohiyo. Kwa hiyo waya wa bamba la juu ya bati uwe na plagi inayochomoka kwa urahisi, na mzee azoee kuichomoa ngurumo zikianza kukaribia. Zikiwa tayari juu ya kichwa, asiguse waya wowote. Acheni kifaa kiungue. Taa ndogo yenye bamba lake, inayoanikwa mchana na kuingizwa ndani jioni, haina tatizo hili, na ndiyo maana ningeitanguliza kabla ya mfumo wa bati.

Taa inayojiwasha

Shirika la Afya Duniani linaweka kuanguka katika nafasi ya pili kati ya ajali zinazoua watu duniani, na wanaokufa kwa wingi ni waliopita miaka 60. Njia ya hatari Kingi inajulikana: kutoka kitandani hadi choo cha nje, usiku, udongo umelowa. Taa ndogo ya betri yenye kihisi cha mwendo inafaa sana hapa. Kihisi hufuata joto la mwili, na baridi ya milimani hukisaidia, kwa kuwa mtu anaonekana wazi zaidi kwa kihisi kuliko katika joto la Kindu. Ifunge chini, kimo cha goti, kati ya kitanda na mlango, ili mwanga ulale sakafuni badala ya kumpiga mzee machoni. Ndoo ya usiku yenye mfuniko karibu na kitanda itapunguza safari za nje. Si teknolojia mpya, lakini usiionee haya.

Nje, shauriana na majirani kabla ya kufunga taa ya aina hiyo. Mahali ambapo watu wenye silaha hupita usiku, taa inayowaka kila mtu anapotembea inautangazia ukoo mzima, na wasio wa ukoo, kwamba kuna mtu uani na nyumba ina vitu. Katika vijiji vingine itakuwa ulinzi, katika vingine itakuwa mwaliko. Wanaojua ni wanaolala pale.

Moshi, na mazuku

Baridi ya Masisi huwafanya wazee kuingiza ndani mbabula, jiko la makaa, na kufunga madirisha. Makaa yanapowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Kipo kigunduzi cha betri kinachopiga kelele gesi hiyo ikizidi. Ni kifaa ambacho ningekiagiza kutoka Ulaya bila kusita, nikiangalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa mgongoni, kwa sababu kihisi chake huchoka baada ya miaka kadhaa hata betri ikiwa mpya. Kikilia, mbabula itoke na mzee atoke, mambo mengine baadaye. Lakini sharti la kwanza linabaki kuwa mbabula isilale ndani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa miguuni inafanya kazi nzuri.

Tahadhari hii iwafikie hasa wanaofikiria kumshusha mzee kuelekea Sake au kando ya Ziwa Kivu hadi Goma. Huko kuna mazuku, hewa ya volkano inayojaa kwenye mabonde madogo na kuua mbuzi, na watu pia. Mazuku ni kaboni dioksidi, na kigunduzi cha kaboni monoksidi hakiioni kabisa. Mtu atakiona kiko kimya na kudhani yuko salama. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na hujaa zaidi usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Waulize wenyeji kuku na mbuzi hufia wapi, usijenge wala kupanga kwenye shimo, na mzee alale kwenye kitanda kilichoinuka, asilale sakafuni.

Tansio na dawa

Mashine ya kupima tansio, yaani shinikizo la damu, ya kufunga mkono wa juu inatumia betri za kawaida na inaonyesha namba kubwa. Achana na zile za kifundo cha mkono, hudanganya kirahisi. Mzee akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee. Namba ziandikwe kwenye daftari na msomaji wake awe muuguzi wa kituo cha afya. Wewe ukiwa Ulaya utapata picha ya ukurasa mara moja kwa mwezi, inatosha. Kipimo kimoja cha 150 hakimfanyi mtu mgonjwa wala si kibali cha kubadilisha dawa kwa simu. Kama mzee hatibiwi kituoni bali katika hospitali kuu ya Masisi, daftari hilo lisafiri naye. Saa ya dawa iwekwe kama kengele ya simu yake, mara mbili kwa siku zikizidi. Kengele tano zitamfanya aizime simu.

Umeona sijaitaja kamera tangu kwenye hesabu ya jua. Siipendekezi. Hata umeme ukitosha, mama aliyezoea kuoga na kuvaa pasipo kuonekana hastahili jicho la mwanawe ukutani, na katika nchi ambayo kila upande wenye silaha unamwona mwenye kifaa cha ajabu kuwa mpelelezi, kamera na antena juu ya bati ni maswali usiyotaka aulizwe mama yako peke yake. Kifaa cha kufuatilia mahali alipo, cha mfukoni, kinaweza kufaa kwa mzee anayepotea njia kwa kusahau. Muulize ruhusa, na mwambie jirani kipo.

Mfuko mmoja

Huenda siku moja mzee akalazimika kukimbia tena, kwa hiyo kila ulichonunua kiweze kuingia katika mfuko mmoja: taa, simu na chaja, mashine ya tansio, dawa za mwezi, daftari, kitambulisho. Mfuko ukae mahali pamoja, na kila jioni vitu visivyotumika virudi humo. Kilichofungwa kwa misumari kitaachwa nyuma. Na kwa mzee asiyeweza kutembea mwendo wa saa moja, panga kipoyi leo: miti miwili, turubai, na vijana wanne waliokubali kwa majina yao, wenye kujua wanampeleka kituo gani na kwa njia ipi. Mkiwa na motari wa pikipiki mnayemwamini, namba yake iwe kwenye kitufe cha 7.

Gharama ya yote haya ikizidi mfuko wako, punguza kwa mpangilio huu: toa mfumo wa bati, kisha simu kubwa, kisha mashine ya tansio kama kituo cha afya kiko karibu. Usipunguze posho ya jirani anayepokea bipu. Mlipe kila mwezi, tarehe ileile, kwa simu, na mama ajue kiasi unachompa.